Kuomba programu kwa jina na kwa namba: namna ya kuchagua versioni kwenye mashini ya koperative

Siku moja ya Jumatatu, saa moja ya asubuhi, mama mumoja sekretere wa koperative ya kahawa alitupigia telefone. Hakusalimia hata. Alisema tu: "Agronome, mashamba ya watu yamepotea mu mashini."

Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Siku ya Alhamisi mutu wa kampuni inayonunua kahawa alipaswa kufika kuchukua karte ya mashamba. Wengi wenu munajua sababu. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake namba 2023/1115, unaomba kahawa na kakao inayoingia kule ijulikane imetoka ku shamba gani, na kwamba lile shamba halikupatikana kwa kukata pori kisha tarehe 31 Desemba 2020. Shamba la hektari 4 ao chini ya hapo linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja ya GPS. Lile linalopita hektari 4 linapaswa kuchorwa muzunguko wote. Mukulima ambaye shamba lake halionekane kwenye karte, kahawa yake inaweza kubaki pembeni hata kama ni nzuri namna gani. Kwa hiyo karte iliyo ndani ya ile ordinatere haikuwa picha ya kupamba biro. Ilikuwa mavuno ya watu.

Tulipanda moto mpaka kule. Tulipofungua mashini, tuliona kwamba mashamba hayakupotea. Nukta zote zilikuwa pale. Lakini majina ya wakulima yaliyokuwa yanaonekana juu ya kila shamba hayakuonekana tena, rangi za vijiji zilichanganyikana, na zile kurasa ambazo mama sekretere alitayarisha kwa kuchapisha, ukurasa mumoja kwa kila kijiji, ziliharibika. Mwenye kosa tulikuwa siye wenyewe. Tuseme namna ilivyotokea, kisha tueleze dawa yake, kwa sababu koperative mingi sasa ziko na ordinatere za Linux, na shida hii itawafikia siku moja.

Zile mashini ziko na Debian 12. Debian ni aina moja ya Linux, ilianzishwa mwaka wa 1993, na hailipishwe. Ndani yake tuliweka QGIS, programu ya kuchora karte, ambayo nayo ni ya bure. Debian 12 inaleta QGIS ya versioni 3.22. Mama sekretere alijifunza kwa hiyo 3.22, na karatasi za mafunzo tulizowapa zinaonyesha picha za hiyo 3.22. Sasa ku biro yetu, mumoja wetu alitaka chombo fulani kipya, akaongeza kwenye mashini yetu depo ya watengenezaji wa QGIS wenyewe, akapata versioni 3.34. Wiki moja mbele ya ile Jumatatu, tulichukua karte ya koperative kwenye flashi, tukaifungua kwetu ili kuongeza mashamba ya wanamemba wapya. Mashini ilitoa onyo kwamba karte hii ilifanywa na versioni ya zamani, na kwamba ukiihifadhi huku, versioni ya zamani inaweza kushindwa kuisoma. Tulibonyeza "OK" namna watu wote wanavyobonyeza. Tukahifadhi. Tukarudisha flashi.

Kitu kimoja kilituokoa, na tunapenda mukijue. QGIS inaweka vitu katika sehemu mbili. Nukta na mipaka ya mashamba ziko mu faili yake, na faili ya "projet" iko yenyewe pembeni. Ile ya projet inabeba rangi, majina, na kurasa za kuchapisha. Versioni mupya iliharibu projet tu. Kama vyote vingekuwa mu faili moja, habari hii ingekuwa mbaya zaidi.

Sasa, kwa nini tusiweke tu 3.34 kila mahali? Tulifikiri hivyo dakika tano. Lakini koperative zinazotumia karte hiyo ni zaidi ya moja, kila mashini ingeomba mega mingi, na masekretere wangepaswa kujifunza tena mambo mengine kati ya Jumatatu na Alhamisi. Ilikuwa rahisi zaidi kurudisha mashini yetu nyuma, ku 3.22, kisha kutengeneza projet kutoka kwa kopi ya zamani. Na hapo njo mazungumuzo ya versioni yanaanza.

Fikirini mbegu. Mutu anayeenda ku duka ya mbegu na kusema "nipe maharagwe", atapewa yale yaliyo karibu na mukono wa muuzaji. Yule anayesema "nipe HM 21-7" anajua anataka haragwe lenye chuma kingi, na hatakubali mufuko wenye jina lingine. Na akiwa mujanja kabisa, anasoma etiketi: jina la mbegu, namba ya loti. Mashini ya Linux iko vilevile. Ukiiambia "weka QGIS", inaleta ile ambayo yenyewe inaona kuwa ya juu zaidi kati ya zile ziko mu depo zake. Ukitaka ingine, unapaswa kuitaja kwa namba.

Programu kwenye Debian zinakuja katika pakiti, na yule anayezitafuta, kuzishusha na kuzipanga anaitwa apt. Ni jeranti wa depo. Tunazungumuza naye kwenye terminali, lile dirisha jeusi la kuandika. Watu wanaliogopa, lakini jeranti huyu ni mutu wa kusema wazi: mbele ya kufanya kitu kikubwa anakuonyesha anachotaka kufanya, na anakungojea useme ndiyo. Kosa letu mara nyingi ni kusema ndiyo bila kusoma.

Kitu cha kwanza ni kumwomba asome upya orodha ya depo:

sudo apt update

Neno "sudo" maana yake unafanya kama mukubwa wa mashini, kwa hiyo ataomba neno la siri. Wakati unaliandika hakuna kinachoonekana, hata nyota. Musifikiri clavier imekufa. "Update" haibadilishe programu yoyote. Inasoma orodha tu, kama vile jeranti anayepiga telefone ku depo kuuliza wako na nini leo. Wengi wanaichanganya na "upgrade", na ile ndiyo inabadilisha.

Kisha unauliza hali ya pakiti moja:

apt policy qgis

Mashini zetu ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo inajibu mistari kama hii: "Installé", ndiyo versioni iliyo ndani ya mashini sasa, "Candidat", ndiyo ile ambayo apt angeweka kama ungemwomba leo, na chini yake "Table de version", orodha ya versioni zote anazozijua, kila moja na depo yake. Kwetu siku ile kulikuwa versioni mbili ndani ya orodha. Moja ilianza na 1:3.34, kutoka depo ya qgis.org. Ingine ilikuwa 3.22.16+dfsg-2, kutoka depo ya Debian.

Tusimame kidogo kwenye hii namba, juu ndani yake kuna mutego. Tukianza na 3.22.16+dfsg-2: "3.22.16" ni namba ya watengenezaji. "+dfsg" inasema kwamba watu wa Debian waliondoa vipande ambavyo sheria zao za uhuru hazikubali. "-2" ni mara ngapi Debian walitengeneza pakiti hiyo. Ni namba yao, hapana ya watengenezaji. Sasa ile ingine, 1:3.34. Ile "1:" ya mbele, yenye nukta mbili, inaitwa "époque", na inashinda kila kitu. Pakiti isiyokuwa nayo inahesabiwa kama iko na sifuri. Maana yake, kwa apt, pakiti yenye "1:" ni ya juu kuliko pakiti isiyokuwa nayo, hata kama namba zinazofuata ni ndogo. Kama qgis.org wangeleta 1:2.0 kesho, apt angesema ni mupya kuliko 3.22.16 ya Debian. Kwa hiyo mara tu depo ile inaingia ndani ya mashini, QGIS ya Debian haiwezi tena kuchaguliwa yenyewe. Mutu aliyeiongeza kwetu hakujua. Na siye wengine hatukuuliza.

Ukitaka orodha fupi tu ya versioni, bila maelezo, kuna:

apt list -a qgis

Sasa kuomba versioni kwa namba. Unaandika jina, alama ya sawasawa, na namba, bila nafasi kati yao:

sudo apt install qgis=3.22.16+dfsg-2

Namba inapaswa kuandikwa yote, na "+dfsg" yake, na "-2" yake. Muisome kwenye mashini yenu wenyewe, musikopi ya buletini hii, juu yenu inaweza kuwa na mwisho tofauti. Ukikosea alama moja tu, apt anajibu kwamba "La version … n'a pas été trouvée". Hajakasirika, loti hiyo haiko mu depo zake.

Tuliandika hivyo, na apt alikataa. Alisema kuna "dépendances non satisfaites". Kumbe QGIS haiko pakiti moja. Iko jamaa: qgis, qgis-common, qgis-providers, python3-qgis, na nyingine zinazoanza na libqgis. Zote zinapaswa kuwa na versioni moja, kama vile mashini ya kumenya kahawa haiwezi kufanya kazi na silinda ya aina moja na kisu cha aina ingine. Tulipoomba qgis peke yake irudi ku 3.22, zile ndugu zake zilitaka kubaki ku 3.34. Apt alikuwa na haki ya kukataa.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kutaja kila mumoja wa jamaa, kila moja na alama yake ya sawasawa na namba yake, ku mustari mumoja mrefu. Inafanya kazi, lakini ni kazi ya kuchosha, na ukisahau moja unaanza upya. Tulifanya hivyo. Apt akatuonyesha orodha yenye kichwa "Les paquets suivants seront mis à une VERSION INFÉRIEURE", maana yake pakiti hizi zitarudi chini. Hilo njo tulilotaka. Tulisoma pia kama kuna kichwa "seront ENLEVÉS", ambacho kinaonyesha zile zitakazoondolewa, na tuliona ni vipande vya 3.34 tu. Tukasema O. QGIS 3.22 ikarudi. Tukafurahi, tukatengeneza projet ya mama sekretere kutoka kwa kopi ya zamani, mashamba ya wanamemba wapya yakaonekana yote kwa sababu yalikuwa mu faili yao.

Siku ya Jumatano asubuhi, mashini yetu ilikuwa tena ku 3.34.

Hapakuwa uchawi. Mwenzetu mumoja alikuwa amefanya "sudo apt upgrade", namna tulivyomufundisha kila wiki. Apt aliangalia, akaona 1:3.34 ni ya juu, akaileta. Kuomba versioni kwa namba ni ombi la siku moja tu: apt hakumbuki kwamba ulikuwa unataka 3.22 ibaki. Heri projet ilikuwa imekwisha kurudishwa ku koperative.

Ili akumbuke, kuna kitu chepesi kinachoitwa "hold". Unasema:

sudo apt-mark hold qgis

na kuanzia hapo "upgrade" haitaigusa. Ili kuona zile zilizofungwa, unaandika apt-mark showhold. Ili kuifungua, sudo apt-mark unhold qgis. Hii inatosha kwa pakiti iliyo peke yake. Kwa jamaa kubwa kama QGIS, unapaswa kufunga zote, na tena mutu anasahau. Na hold iko na ubaya mwingine: inafunga chochote kilicho pale, hata marekebisho madogo ya 3.22 yenyewe ambayo Debian wangeleta.

Njia ya pili, ile ambayo sasa tunatumia mahali pote, ni kumwandikia apt sheria. Unatengeneza faili ndani ya /etc/apt/preferences.d, tuseme unaiita qgis, kwa kuandika:

sudo nano /etc/apt/preferences.d/qgis

na ndani yake mistari mitatu:

Package: qgis* libqgis* python3-qgis*
Pin: version 3.22.*
Pin-Priority: 1001

Mustari wa kwanza unataja jamaa yote. Ile nyota maana yake "na kila kinachofuata", kwa hiyo qgis* inashika qgis, qgis-common, qgis-providers na nyingine. Mustari wa pili unasema versioni yoyote ya 3.22. Wa tatu ndiyo nguvu ya sheria, na mujue vizuri namba zake. Kila versioni iko na nafasi yake mu mustari wa kungojea. Depo ya kawaida inapewa 500. Ile iliyo tayari ndani ya mashini, bila depo, inapewa 100. Apt anachukua mwenye namba kubwa. Kama wako sawasawa, anachukua versioni ya juu. Lakini kuna mulango mumoja ambao apt haupiti hivihivi: hakubali kurudi nyuma, kutoka versioni ya juu kwenda ya chini, isipokuwa namba inapita 1000. Njo maana tuliandika 1001. Mukiandika 900, mashini ambayo iko tayari ku 3.34 itabaki pale, lakini mashini ambayo haijapata QGIS bado itachukua 3.22.

Kisha kuhifadhi faili hiyo, unafanya tena apt policy qgis. Sasa "Candidat" inapaswa kuwa 3.22.16. Ikiwa bado ni 3.34, uliandika kitu vibaya, mara nyingi ni nafasi iliyosahauliwa ao herufi. Ikiwa sawa, jaribu kwanza bila kufanya kwa kweli:

apt install -s qgis python3-qgis

Ile "-s" maana yake "onyesha tu". Inaandika yote ambayo ingefanya, bila kugusa kitu. Tunaipenda sana. Tungekuwa na desturi yake mbele, buletini hii ingezungumuzia mbolea. Ukiona orodha iko sawa, unarudia na sudo, bila "-s". Hapana lazima kutaja kila mumoja wa jamaa, sheria inawashika wote.

Mutu atauliza: kwa nini hamukuondoa tu ile depo ya qgis.org? Tuliifikiria, na kwa koperative ni shauri nzuri: depo chache, shida chache. Lakini kuondoa depo peke yake hakurudishe programu nyuma. Pakiti iliyowekwa inabaki mahali pake. Inakosa tu mupya wa kuifuata.

Sasa, je, kama versioni munayotaka haiko tena mu depo yoyote? Hii inatokea sana. Depo ya Debian haiweke versioni zote za zamani. Kwa kawaida inabakiza moja kwa kila Debian, ile ya sasa. Ile iliyopita inaondolewa. Lakini watu wa Debian walifanya jambo la hekima: kuna ghala inayoitwa snapshot.debian.org, ambamo wanahifadhi picha ya depo yote kwa tarehe, kuanzia mwaka wa 2005. Unaweza kumwambia apt asome depo namna ilivyokuwa siku fulani, kwa kuongeza mustari kama huu ndani ya faili moja yenye mwisho .list, mu /etc/apt/sources.list.d:

deb [check-valid-until=no] https://snapshot.debian.org/archive/debian/20230801T000000Z/ bookworm main

Hapa tarehe ni 1 Agosti 2023, na bookworm ni jina la Debian 12. (Majina yote ya Debian yanatoka ku filamu ya watoto Toy Story. Msituulize sababu.) Kile kipande cha check-valid-until kinasaidia kwa sababu orodha za depo zingine ziko na tarehe ya kuisha, kama dawa za mimea, na bila hicho apt angekataa orodha ya zamani ya namna hiyo. Fanya update, tafuta namba kwa apt policy, omba kwa alama ya sawasawa, kisha uondoe ule mustari. Usiuache mule.

Hapa tuseme jambo moja waziwazi, juu tunaogopa watu wataanza kufunga kila kitu. Versioni ya zamani iko na matundu ambayo mupya imeziba. QGIS inayosoma karte zenu wenyewe, bila kwenda ku intaneti, inaweza kubaki nyuma bila hatari kubwa. Programu ya kufungua intaneti, ile munayotumia kwa email na kwa banki, musiifunge hata siku moja. Vilevile musifunge pakiti ambazo hamujui ni za nini. Kwa upande wetu, kila sheria ya preferences.d inaandikwa mu karne: tarehe, sababu, jina la mutu aliyeiweka. Siku sababu inakwisha, faili inafutwa.

Inabaki swali la wale walio mbali na reseau, na ni wengi. Kuna koperative moja ya mulimani ambako simu inashika paka ukipanda juu ya kilima cha kanisa. Kule tunapeleka pakiti kwa flashi. Mara ya kwanza tulifanya vibaya. Tulishusha kwetu kwa:

apt download qgis=3.22.16+dfsg-2

Hii inaleta ile pakiti moja tu, faili yenye mwisho .deb, bila kuiweka na bila ndugu zake. Tulifika kule, ikakataa, tukarudi. Masaa sita ya barabara. Mara ya pili tulishusha "na ndugu zake zote", lakini kwa mashini yetu, ambayo tayari ilikuwa na vitu vingi ambavyo ya kule haina. Apt anashusha paka kile kinachokosekana pale alipo. Ikakataa tena.

Namna inayofaa ni kuanza ku mashini inayohitaji. Ku mulima, bila intaneti, unaandika:

apt-get install -y --print-uris qgis=3.22.16+dfsg-2 > orodha.txt

Haishushe kitu. Inaandika mu orodha.txt anwani ya kila pakiti ambayo mashini hii inakosa, jina lake, ukubwa wake na alama zake za kidole. Unabeba orodha hiyo mu flashi mpaka mujini. Kule, ku mashini yenye intaneti, unaondoa anwani peke yake na kuzishusha:

grep -o "http[^']*" orodha.txt > anwani.txt
wget -i anwani.txt

Unarudi na faili zote za .deb ndani ya sanduku moja, unaingia ndani ya sanduku hilo kwenye terminali, na unasema:

sudo apt install ./*.deb

Ile "./" musisahau, ndiyo inamwambia apt kwamba unazungumuza juu ya faili iliyo hapa, hapana ya depo. Ikiwa orodha ya mashini ya mulimani ni ya zamani sana, anwani zingine zitakuwa zimekufa, na wget itasema 404. Hapo unazitafuta ku snapshot.debian.org kwa jina lilelile na namba ileile.

Na zile alama za kidole zina kazi. Wakati apt anashusha mwenyewe, anahakikisha kwamba pakiti imetoka kweli ku Debian. Wakati unaileta kwa flashi, hafanyi hivyo tena, na flashi zinapita mu mashini mingi. Basi mbele ya kuziweka, andika sha256sum *.deb na ulinganishe na alama zinazotolewa na apt-cache show kwa pakiti ileile na versioni ileile. Hata kama hamulinganishi herufi zote, linganisheni kumi za kwanza na kumi za mwisho. Ni kazi ya robo saa.

Kwa wale wanaolipa mega: mbele ya kuuliza O ao n, apt anaandika mustari "Il est nécessaire de prendre…" na hesabu ya Mo. Huo ndiyo bei yenu. Na jambo ingine dogo: mukitumia apt, kisha kuweka programu anafuta zile .deb alizoshusha. Mukitumia apt-get, anaziacha ndani ya /var/cache/apt/archives, na munaweza kuzikopi kwa mashini ya jirani bila kulipa mara ya pili. Kwa biro yenye mashini tatu za aina moja, tofauti hiyo inalipa karatasi za mwezi.

Mutu wa kampuni alifika Alhamisi, saa nne. Mama sekretere alimupa karte, kijiji kwa kijiji, majina yote juu ya mashamba. Alipoondoka, mama alituomba tuandike kwenye karatasi kubwa, tuibandike kwenye ukuta juu ya mashini, maneno haya, ambayo tunayaweka hapa kwa wale wanaotaka kuyabandika kwao pia:

QGIS YA HAPA NI 3.22. Ukiona onyo la versioni, usibonyeze OK. Ita sekretere.